Harufu ya Shingo ya Suhaim

Ghalia alijua wifi yake ametumwa tangu alipoiona ile sahani ya tende. Lulwa hakuwa mtu wa kugawa tende zake. Tangu kaka yake amwache Ghalia, miaka miwili ilikuwa imepita bila mkono wake kugusa mlango huo, hata kwa pole. Leo kaja saa nne asubuhi, kajipaka wanja, kakaa ukingoni mwa kochi kama aliyeacha chungu motoni.

"Wifi yangu, mbona umekonda," akasema Lulwa.

"Nimenenepa kilo nne."

"Basi itakuwa baibui."

Wakanywa kahawa. Lulwa akasifia mapazia, akasifia vikombe, akauliza habari za Jabir huko chuoni, kana kwamba Jabir si mtoto wa kaka yake mwenyewe. Ghalia alimwacha azunguke. Mtu mwenye haja ndogo huisema mlangoni. Mwenye haja kubwa huanza na mapazia.

"Habari umeshazisikia, bila shaka," Lulwa akasema mwishowe.

"Mji mzima wa Wakra umesikia. Alhamisi ijayo. Msichana wa miaka ishirini na mitatu. Mungu awape wanachokitafuta."

"Amina. Sasa, kaka yangu Bu Jabir ana shida kidogo. Marashi yake yamekwisha. Kazunguka maduka yote, hadi yale ya hotelini wanakokukaribisha kwa maji ya waridi. Wanamtolea chupa za bei ya ngamia, na hata moja haifanani. Anasema zote zinanuka kiatu."

"Si amwandikie Mfaransa wake?"

Lulwa akatazama zulia. Hapo Ghalia akaonja utamu wa kwanza wa siku ile, mdogo, wa ncha ya ulimi.

Mfaransa alikuwa na historia yake. Baba yake Ghalia alifuga vipanga wa kuwindia, na alikuwa na glovu moja ya ngozi iliyokaa mkononi mwake miaka thelathini. Glovu ile ilinuka jasho la mkono, moshi wa kuni za jangwani, na zafarani, maana mzee alikuwa na tabia ya kuifuta kwa vidole vilivyotoka kula wali. Alipofariki, ndugu waligawana vipanga. Ghalia alitaka glovu, na watu wakamcheka. Mwaka ule ndipo alipoolewa na Suhaim, mtoto wa ami yake, na mwaka ule ndipo alipoanza kuitafuta harufu ile chupani.

Marashi ya ngozi si mchezo. Ukikosea kidogo, mtu ananuka duka la viatu. Ukikosea zaidi, ananuka zizi. Miaka minne alichanganya, akamwaga, akachanganya tena. Lami ya mti wa nchi za barafu, tone moja, ndiyo inayoleta moshi. Zafarani inaipa ngozi ukavu. Waridi la mji wa Taif linaingia kwa kujificha, usilijue lipo mpaka uliondoe. Ambari, na zabadi ya fungo kiasi cha kutoogopesha. Halafu unafunga mtungi na kuuacha gizani, usiuguse, mwaka na nusu, miaka miwili, mpaka vitu hivi vyote viache kugombana. Marashi yaliyoiva vizuri hukung'ata kidogo yakigusa shingo, kama tandiko jipya. Baada ya saa moja yanalegea. Baada ya saa sita hujui tena lipi ni marashi na ipi ni ngozi ya mtu mwenyewe. Hapo ndipo Ghalia alipokuwa akipapenda zaidi, maana hapo marashi yalikuwa yamekwisha kuwa Suhaim.

Kila alasiri, kwa miaka kumi na tisa, alimpaka kwa mkono wake kabla hajatoka kwenda majlisini, chumba cha wageni wanaume: nyuma ya masikio, chini ya kidevu, kidogo kwenye ukosi wa kanzu. Wanaume walikuwa wakimnusa na kuuliza. Na Suhaim, mbele za wanaume, angesemaje? Kwao mtu hamtaji mkewe majlisini, jina lake wala kazi ya mkono wake; ni aibu. Basi siku ya kwanza akasema tu, yuko mzee mmoja Mfaransa, ananitengenezea mimi peke yangu, chupa moja kwa mwaka. Ghalia aliyasikia nyuma ya mlango na sinia mkononi, akacheka. Alidhani mume anamsitiri.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kila mwaka Mfaransa akanenepa. Akapata ndevu. Akapata nyumba kando ya mto, na mbwa kilema. Suhaim akawa anasimulia jinsi mzee yule alivyomshika mkono akalia, akamwambia hajawahi kuona shingo inayostahili kazi yake namna hii. Na siku Ghalia alipomwambia mumewe kwamba anataka kutia chupani na kuuza, kwa jina lake, mume alimtazama kwa huruma kabisa.

"Umm Jabir," akasema, "nani atanunua harufu ya jikoni?"

Aliyameza hayo. Mwanamke humeza mengi akidhani ni dawa. Talaka ilipokuja, ililetwa na Dhiyab, kaka yake Ghalia, karatasi imekunjwa mara nne, naye alikuwa ameinama juu ya mtungi anachuja marashi ya mwaka ule. Hakulia. Alimaliza kuchuja kwanza, kisha akasoma.

"Mwambie nitampa," Ghalia akamwambia Lulwa.

Lulwa hakuamini masikio yake. "Kweli, wifi?"

"Mtu haoi bila kunukia. Jumatano mtume dereva achukue."

Lulwa akambusu mashavu yote mawili, akaondoka upesi kabla maneno hayajarudi yalikotoka. Akaisahau sahani. Ghalia akazila tende zake zote, moja moja, huku akifikiri, na kila kokwa alilotema alilitema kwa nguvu.

Chumba cha nyuma kulikuwa na mtungi wa kioo wa lita kumi na mbili. Ulikuwa umetimiza miaka miwili. Ulikuwa bora kuliko yote aliyowahi kufanya, na si yeye tu aliyesema hivyo: bibi mwenye duka kubwa la marashi mjini Doha alinusa tone moja, akaomba kiti. Walikuwa wamekwisha kuandikiana. Chupa mia, kila moja na jina Ghalia kwa herufi za dhahabu. Sharti la bibi yule lilikuwa moja tu: harufu hii isiwe na mtu mwingine yeyote katika nchi. Mtu halipi pesa ya aina ile ili anukie kama jirani.

Mtungi ni huo mmoja. Mwingine ungemtaka miaka miwili tena, na bibi wa Doha hakuwa mtu wa kungoja. Kwa hiyo Ghalia alikuwa na jina lake mkono huu, na shingo ya Suhaim mkono ule. Alikaa mbele ya mtungi tangu adhuhuri mpaka alasiri. Aliiona sura ya Suhaim akisema harufu ya jikoni, ule mdomo uliopinda kidogo kwa huruma. Laiti angesema kwa hasira, pengine angemsamehe. Hasira ni ya watu wawili. Huruma ile ilimweka yeye chini kabisa, pamoja na masufuria.

Jumanne aliendesha gari hadi mbele ya kinyozi wa mtaani, akapiga honi mara mbili. Iqbal kinyozi akatoka mbio na aproni yake, kama wanavyotoka wauza chai na wauza mikate, maana mwanamke wa heshima hashuki mbele ya duka la wanaume. Iqbal alikuwa mtu wa Lahore, na kwa miaka ishirini hakuna ndevu ya Wakra iliyokwenda harusini bila kupita mkononi mwake. Isipokuwa za Suhaim, ambaye tangu apose kwa wakwe matajiri alihamia saluni ya hoteli.

"Mama, karibu. Jabir anakuja kunyoa?"

"Jabir yuko masomoni. Nusa hiki."

Alimpa kijiti cha kioo. Iqbal alikinusa, akakitenga na pua, akakirudia. Mikono yake iliyozoea kolonya ya chupa za plastiki ikatulia.

"Hii naijua," akasema polepole. "Hii ni ya Bu Jabir. Alipokuwa akikaa kitini kwangu nilikuwa sitii kitu. Nilikuwa naona haya."

"Kwenye buti kuna madumu mawili. Kuanzia kesho asubuhi, kila shingo inayotoka kwako itoke na hii. Bure. Tajiri, maskini, dereva, mpishi, mgawa kahawa, wote."

"Mama, nisamehe. Mimi ni kinyozi tu, lakini pua ninayo. Nikiwapaka hii watu wote, baada ya mwezi itakuwa harufu ya kwa Iqbal. Hata wewe ukiinusa utanikumbuka mimi na mkasi wangu."

"Ndivyo ninavyotaka."

Iqbal akakuna kichwa. Alimwonea uchungu kama mtu anavyomwonea aliyebeba dhahabu kwenda kujazia shimo barabarani. "Na mabwana wakiniuliza ni ya wapi?"

"Waambie ukweli. Ya Umm Jabir, nyumba ya tatu nyuma ya msikiti. Sema kwa sauti, usinong'one."

Aliyabeba madumu yake. Ghalia alirudi nyumbani, akajaza chupa moja ndogo kwa kilichobaki, akaifunga utepe wa hariri, akamkabidhi dereva wa Lulwa siku ya Jumatano. Aliifunga vizuri kuliko alivyowahi kufunga zawadi yoyote. Usiku ule alilala usingizi wa mtoto.

Alhamisi, baada ya swala ya magharibi, wanaume walikwenda kwenye hema la harusi. Ghalia alikaa sebuleni, mlango wazi, hakuwasha hata televisheni. Dhiyab alikuwa amekwenda, kwani bwana harusi ni mtoto wa ami yao na damu haiachiki kwa karatasi. Saa mbili ikapita. Halafu hatua kwenye baraza, na harufu ikatangulia: ngozi, moshi, zafarani. Ghalia alikuwa ameshasimama kabla hajajua kwamba amesimama.

Ni Dhiyab aliyeingia. Alijitupa kochini, akafunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

"Unalia?" Ghalia akauliza.

"Dada yangu, wewe ni shetani. Mungu akusamehe, na mimi anisamehe kwa kucheka."

"Sema taratibu. Usiruke kitu."

Dhiyab akajifuta macho. "Kasimama mbele ya hema, na joho lake jeusi la uzi wa dhahabu, kanyooka utadhani kapigwa pasi akiwa ndani yake. Wageni foleni. Anakuja wa kwanza, salamu ya pua kwa pua, vizuri. Nikamwona kashtuka kidogo. Wa pili, pua kwa pua. Wa tatu. Wa tano akarudisha kichwa nyuma, akamtazama. Ni yule muuza samaki wa bandarini, Ghalia. Ananuka Suhaim kuliko Suhaim."

"Endelea."

"Alipofika wa ishirini, bwana harusi kaacha pua, anatoa mkono tu, haraka haraka, kama anayefukuza nzi. Sasa akaja ami Bu Falah."

Ghalia akakaa. Bu Falah alikuwa na miaka themanini na mbili, na ulimi ambao familia nzima ilikuwa ikiukwepa.

"Mzee kapeleka pua, Suhaim kapeleka mkono. Pua ya mzee ikabaki inaning'inia hewani, watu wote wanaona. Mzee akamwambia, 'Unanikimbia, mwanangu? Ninanuka?' Suhaim, 'Hasha, ami.' 'Basi lete pua.' Akaileta, afanyeje? Mzee akanusa. Akanusa tena, huku kushoto, huku kulia. Akamwita mgawa kahawa, akamnusa na yeye shingoni, mbele za watu, birika mkononi. Akasema, 'Mbona mimi na wewe na huyu tumezaliwa na baba mmoja leo?'"

Ghalia alicheka kwa sauti ambayo hakuitambua.

"Subiri. Mtu mmoja akasema kutoka nyuma, 'Bu Jabir, Mfaransa wako kahamia kwa Iqbal?' Hema likachangamka. Mwingine akauliza kama yule mbwa kilema naye kaja. Halafu Bu Falah kainua fimbo, watu kimya. Akasema, 'Iqbal kaniambia mimi mwenyewe leo asubuhi, wembe ukiwa shingoni mwangu, na mtu hadanganyi wakati huo. Kasema ni mkono wa Umm Jabir, na tangu mwanzo ni mkono wa Umm Jabir.' Akamgeukia Suhaim. Akamwambia, 'Kumbe Mfaransa ndiye uliyempa talaka.'"

Ghalia alimwomba arudie sentensi hiyo. Dhiyab akairudia. Akamwomba mara ya tatu.

"Na yeye?"

"Alikuwa mwekundu mpaka masikio. Baba wa bibi harusi alikuwa hapo hapo, anatazama juu, anahesabu taa za hema. Chakula kilipoletwa Suhaim hakula. Ulipofika wakati wa kupitisha udi na sinia la marashi, kila mtu alimpisha mwenzake na kucheka. Wewe ulimwagiwa mboga, dada, ukamwaga ugali na sufuria lake."

Ghalia alimpa kahawa. Kwa siku nyingi baadaye aliishi kwa maneno ya Bu Falah kama mtu anavyoishi kwa mkate. Aliyala asubuhi, aliyala jioni. Bibi wa Doha alipiga simu Jumapili. Alikuwa ameinusa mwenyewe, kwa mlinzi wa maegesho. Hakugomba. Alisema tu kwamba alimpenda mno hata hakufikiri angeweza kufanya hivyo, na makubaliano yamekufa. Lulwa naye alikuja, bila tende safari hii, akasimama mlangoni.

"Umemdhalilisha mtoto wa ami yako siku ya harusi yake."

"Nimempa alichoomba. Sahani yako hiyo hapo, usiisahau tena."

Madumu yakaisha, na hapo ndipo watu walipoanza kuja wenyewe nyumba ya tatu nyuma ya msikiti. Walitaka ile ya harusi. Ghalia akafanya ya haraka, ya kuiva miezi mitatu, nyepesi, isiyong'ata. Pua zao hazikujua tofauti. Aliiuza kwa bei ya shati. Jina lake halikuandikwa kwa dhahabu, lilikuwa kwenye karatasi ya kubandika, lakini lilikuwepo. Mwaka haujaisha, Wakra ikawa na harufu moja.

Ijumaa moja alikuwa akirudi kutoka kwa mama yake, akakwama barabarani mbele ya msikiti. Swala imetoka. Mamia ya wanaume wakamiminika na kanzu zao nyeupe, wameoga, wamejipaka kama inavyopasa siku ya Ijumaa, wakapita kulia na kushoto kwa gari. Ghalia akashusha kioo. Alikuwa akifanya hivyo kila alipoweza. Alipenda kuinusa kazi yake ikipita, na kila mara alikuwa akijisemea moyoni: kwa huyu nimemnyang'anya Suhaim, na kwa huyu, na kwa huyu.

Lakini joto la adhuhuri lilikuwa limeifungua harufu, na saa tangu wajipake zilikuwa zimepita, na ilikuwa imefika pale alipokuwa akipapenda, pale inapoacha kuwa marashi. Mtu mmoja akapita karibu na dirisha, na Ghalia akageuka kama mke anayesikia ufunguo mlangoni. Akapita mwingine. Mwili wake ukageuka tena, bila kumuuliza. Ulikuwa ukimlaki Suhaim wa ile miaka kumi na tisa, Suhaim wa alasiri, anayeinamisha shingo apakwe. Akajaribu kukumbuka maneno ya Bu Falah. Yalikuja, makavu, hayakuwa na ladha.

"Salaam alaykum, Umm Jabir."

Aliitikia salamu, akamtazama mwenye sauti. Mtu mwembamba, ndevu zimeingia mvi, ananuka sabuni tu. Ilimchukua muda, hata akaona haya, kabla hajamjua. Miaka yote ile alikuwa akimjua kwa pua kwanza, macho yakifuata.

"Nimeacha kujipaka," Suhaim akasema.

"Naona."

"Nilitaka kukwambia. Alikuwa na mkono mzuri, yule Mfaransa." Hakutabasamu. "Nilipaswa kusema zamani."

Jibu lake alikuwa nalo. Alikuwa amelinoa miaka mitatu, linakata pande zote mbili, na hapa ndipo mahali pake. Akafungua kinywa.

"Mfaransa amekufa," akasema, na sauti ilimtoka ndogo.

Suhaim akatikisa kichwa kukubali, akaweka mkono kifuani, akaenda zake. Ghalia akaona yeye mwenyewe hajamaliza. Akataka kumwita, hajui kumtukana au kufanya nini. Hatua tatu tu, naye alikuwa amekwisha kupotea, kanzu nyeupe katikati ya kanzu nyeupe. Macho yalishindwa. Basi akafanya alivyozoea kumtafuta katika watu, akafumba macho akavuta hewa, na akampata kila mahali.